Wahusika watatu, zamu moja: mwongozo kamili wa kutengeneza gemu la majukwaa la kubadilishana wahusika

Kumfanya mchezaji abonyeze kitufe na mhusika mwingine ashike zamu ni kazi ya mistari michache ya msimbo. Kinachowashinda wengi ni yanayofuata: wale wawili walioachwa nyuma wanafanya nini, wanasimama juu ya nini, wakikwama nani anawatoa, na kwa nini mchezaji awahitaji hata kidogo. Hapa tunajenga gemu dogo la namna hiyo kwa Godot 4, programu ya kutengenezea gemu, kuanzia daftari la hesabu hadi faili la simu. Mandhari yake ni mwalo wa Kibirizi, Kigoma, wakati wa usiku. Hatukuuchagua kwa mapambo. Uvuvi wa dagaa kwa karabai ni kazi ambayo mwenye taa hawezi kuondoka alipo, mwenye wavu hafanyi kitu bila mwenye taa, na mchukuzi anawasubiri wote wawili nchi kavu. Nusu ya kanuni za gemu zimekwisha kuandikwa na kazi yenyewe.

Amua kwanza waliobaki wanakwenda wapi

Kuna njia tatu zilizozoeleka. Katika The Lost Vikings la mwaka 1993, lililotengenezwa na kampuni ya Silicon & Synapse ambayo baadaye iliitwa Blizzard, kila mhusika husimama pale ulipomwacha, na lazima wote watatu wafike mwisho wakiwa hai. Katika Sonic Heroes la Sega, wote watatu hukimbia pamoja na wewe unabadili kiongozi tu: wa mbio, wa kuruka angani, wa nguvu. Katika Trine la mwaka 2009, ukicheza peke yako, mwili ni mmoja na unageuka kuwa mtu mwingine palepale.

Kwa anayeanza, chukua njia ya kwanza. Ya pili inakulazimisha kuandika akili ya wafuasi wanaojua kuruka mashimo bila kuongozwa, na hiyo ni kazi kubwa kuliko gemu lenyewe. Ya tatu ni rahisi kwa msimbo lakini inaua fumbo: mtu asiyeweza kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja hawezi kushikilia mlango huku akipita.

Vifaa

Laptopu yenye RAM ya GB 4 inatosha. Pakua Godot 4.3 au toleo jipya zaidi, aina ya kawaida, si ile ya .NET. Ni programu huria, haina malipo, na haihitaji kusakinishwa: unafungua zipu na kuiendesha, hata kutoka kwenye flashi. Ukiunda mradi, chagua renderer (sehemu inayochora picha kwenye skrini) ya Compatibility. Hii inatumia OpenGL, mfumo wa zamani wa kuchora picha, wakati zile nyingine mbili zinahitaji mifumo mipya kama Vulkan, na kompyuta nyingi za mitumba zinazouzwa mjini ama hazina Vulkan kabisa ama zinayo ya kusuasua. Pakua pia nyaraka za Godot za kusoma bila intaneti. Faili za kutolea gemu, zinazoitwa export templates, zinakaribia GB 1 au kuzidi, kwa hiyo ziache hadi siku utakayokuwa na bando au Wi-Fi ya mtu.

Katika Project Settings weka haya kabla ya kuchora chochote, maana kuyabadili baadaye kunavuruga kila kipimo: Viewport Width 320, Height 180, Window Width Override 1280 na Height Override 720, Stretch Mode iwe viewport, Scale Mode iwe integer, Default Texture Filter iwe Nearest. Skrini ya 1366×768, ambayo ndiyo ya laptopu nyingi za bei nafuu, itapata ukuzaji wa mara 4 kamili bila pikseli kupotoka. Kigae kimoja kiwe pikseli 16, hivyo skrini moja ni vigae 20 kwa 11 na kidogo.

Andika wasichoweza

Kosa la kwanza la watengenezaji wapya ni kugawa vipaji: huyu anaruka sana, huyu ana nguvu, huyu anaogelea. Vipaji peke yake havitoi fumbo. Fumbo linatokana na udhaifu, kwa sababu mchezaji hubadili mhusika pale tu aliyenaye anaposhindwa. Kwa hiyo daftarini andika safu ya kushindwa kwanza, kisha ndipo ujaze safu ya kuweza.

- Zuwena, binti mwepesi. Hawezi kusukuma kitu wala kugusa maji. Anaruka vigae 4 na kupita upenyo wa kigae 1. Mwili wake ni pikseli 10×14, kasi pikseli 130 kwa sekunde.
- Bahati, mchukuzi. Haruki zaidi ya kigae 1, hapiti upenyo, akiingia majini amekwisha. Anasukuma makreti, na ngata iliyo kichwani mwake ni jukwaa la wenzake. Mwili 14×22, kasi 70.
- Juma, mvuvi. Hana nguvu ya kusukuma na mruko wake ni vigae 2 tu. Anaogelea, na karabai yake inavuta dagaa. Mwili 12×20, kasi 90.

Angalia urefu wa miili. Upenyo wa pikseli 16 unamruhusu Zuwena mwenye 14 na kuwazuia wawili wengine bila mstari wowote wa ziada wa msimbo. Kila kizuizi unachoweza kukiweka kwa umbo la mwili, usikiweke kwa sharti la programu. Mchezaji anakiona kwa macho na haulizi kwa nini.

Hesabu ya mruko

Usikisie nguvu ya kuruka. Ukitaka mhusika afike kimo h kwa muda t, mvutano ni 2h gawanya kwa t mara t, na kasi ya kuanzia ni 2h gawanya kwa t. Zuwena anapaswa kupanda vigae 4, yaani pikseli 64. Ongeza 6 za ziada, ipatikane 70. Kwa muda wa sekunde 0.4, mvutano unakuwa 875 na kasi ya kuanzia 350. Zile 6 za ziada si ukarimu. Godot inakokotoa mwendo mara 60 kwa sekunde, si mfululizo, na kila mruko unapoteza kiasi: kwa Zuwena ni karibu pikseli 3. Ukiweka 64 kamili, atagonga ukingo kila mara na utadhani tatizo ni vigae.

Mvutano ubaki uleule kwa wote watatu. Juma anahitaji pikseli 38, hivyo kasi yake ni mzizi wa 2 × 875 × 38, takriban 258. Bahati anahitaji 22, hivyo 196.

Sasa upana wa mashimo, na hapa ndipo hatua nyingi huvunjika. Zuwena anakaa hewani sekunde 0.8, kwa hiyo anasafiri pikseli 104. Usiishie hapo. Mwili wake unaweza kuondoka ukiwa umegusa ukingo kwa pikseli moja ya nyuma na kutua kwa pikseli moja ya mbele, kwa hiyo ongeza upana wake, 10. Ukimpa ule msamaha wa sekunde 0.1 wa kuruka baada ya kuondoka ukingoni, ambao gemu nyingi nzuri za majukwaa huwa nao, ongeza 13 nyingine. Jumla 127. Vigae 8 ni 128. Pikseli moja tu inamzuia, na siku moja mtu atapita. Shimo la kumzuia Zuwena liwe vigae 9; la kumruhusu kwa raha liwe 5. Kwa hesabu hiyohiyo Juma anazuiwa na vigae 6 na kupita 3, Bahati anazuiwa na 4 na kupita 1. Vipimo vya katikati, vya “labda”, usivitumie mahali popote.

Msimbo wa mhusika

Tengeneza faili la scene, Mhusika.tscn, lenye mzizi wa CharacterBody2D (mwili unaotembezwa kwa msimbo), ndani yake CollisionShape2D ya mstatili (umbo la kugongana) na Sprite2D (picha). Iweke kwenye kundi la “timu”. Wahusika watatu watarithi faili hili, kila mmoja na namba zake.

```
extends CharacterBody2D

const MVUTANO := 875.0
@export var kasi := 90.0
@export var mruko := 258.0
var anaongozwa := false
var majini := false

func yuko_hewani():
    return not is_on_floor() and not majini

func _physics_process(delta):
    if majini:
        velocity.y = move_toward(velocity.y, 0.0, 600.0 * delta)
    else:
        velocity.y = minf(velocity.y + MVUTANO * delta, 400.0)
    var upande := 0.0
    if anaongozwa:
        upande = Input.get_axis("kushoto", "kulia")
        if Input.is_action_just_pressed("ruka") and not yuko_hewani():
            velocity.y = -mruko + MVUTANO * delta  # mvutano wa fremu hii
    velocity.x = move_toward(velocity.x, upande * kasi, 900.0 * delta)
    move_and_slide()
```

Vitendo vya kushoto, kulia, ruka, badili na chagua_1 hadi chagua_3 visajili kwenye Input Map, orodha ya vitufe iliyo ndani ya Project Settings. Ukikosea herufi moja, Godot italalamika kwenye dirisha la Output na mhusika hatasogea.

Jambo la kulinda hapa ni nini kimewekwa ndani ya `if anaongozwa` na nini kimebaki nje. Wengi huanza na mstari wa “kama huongozwi, ondoka”. Matokeo yake, ukibadili wakati mhusika yuko juu ya lifti, lifti inashuka na yeye anabaki ananing'inia hewani. Mvutano, msuguano na move_and_slide lazima viendelee kwa wote watatu kila fremu. Asiyeongozwa anakosa vidole vya mchezaji tu.

Msamaha wa ukingoni haumo kwenye mistari hii. Uongeze mwenyewe: weka kihesabu kinachorudi 0.1 kila mhusika akiwa ardhini na kupungua kwa delta (muda wa fremu moja) akiwa hewani, kisha ruhusu mruko kihesabu kikiwa juu ya sifuri. Ukisharuka, kipeleke sifuri palepale, la sivyo utapata mruko mara mbili wa bure.

Msimbo wa zamu

```
extends Node2D

@onready var wote := get_tree().get_nodes_in_group("timu")
var zamu := 0

func _ready():
    chagua(0)

func chagua(namba):
    wote[zamu].anaongozwa = false
    zamu = namba
    wote[zamu].anaongozwa = true

func _unhandled_input(tukio):
    if wote[zamu].yuko_hewani():
        return
    if tukio.is_action_pressed("badili"):
        chagua((zamu + 1) % wote.size())
    for i in wote.size():
        if tukio.is_action_pressed("chagua_" + str(i + 1)):
            chagua(i)
```

Nodi hii iwe mzazi wa wahusika wote watatu, na kwenye mti Bahati awe wa kwanza, ili anayebeba akokotolewe kabla ya anayebebwa. Weka njia zote mbili za kubadili: kitufe kimoja cha kuzunguka na namba 1, 2, 3 za kuchagua moja kwa moja. Kwa wahusika watatu, kuzunguka peke yake kunamlazimisha mchezaji kumpitia mtu asiyemtaka nusu ya nyakati, na hilo linachosha haraka kuliko fumbo lolote.

Sharti la kutobadili hewani lina sababu. Bila hilo, Bahati ataruka na Zuwena kichwani, mchezaji atabadili wakiwa juu kabisa, na Zuwena ataruka kutoka pale: 20 za Bahati, 22 za kimo chake, 67 za Zuwena, jumla 109, karibu vigae 7. Kuta zako zote za vigae 5 zimekuwa mapambo. Wapo watengenezaji wanaoupenda ujanja huu na kujenga hatua juu yake. Ni sawa, mradi uwe uamuzi na si ajali. Ukizuia, usiumeze ubonyezo kimya: uhifadhi kwa sekunde 0.15 na uutekeleze akitua, vinginevyo mchezaji atadhani kibodi imekufa.

Ngata

Ukiwaacha wahusika wagongane miili, wataziba njia. Zuwena atasimama kwenye korido, Bahati atashindwa kumpita, na chumba kimefungwa. Kwa hiyo wasionane kabisa. Gawa tabaka za mgongano hivi: 1 ardhi, 2 wahusika, 3 makreti, 4 ngata. Mask ya kila mhusika, yaani tabaka anazogongana nazo, iwe na 1 na 3, bila 2.

Kisha mpe Bahati mtoto wa aina ya AnimatableBody2D (mwili imara unaoweza kusogezwa) juu ya kichwa, umbo la pikseli 14×2, kwenye tabaka la 4, na kwenye CollisionShape2D yake washa One Way Collision. Zima Sync to Physics, kwa sababu ngata inasogezwa na mzazi wake. Zuwena na Juma waongezewe 4 kwenye mask. Bahati asiongezewe, akiongezewa atagongana na kichwa chake mwenyewe na utaona akitetemeka kama mgonjwa wa malaria. Upande mmoja wa mgongano una faida nyingine: Bahati akiruka chini ya dari huku amembeba mtu, aliyebebwa anapenya kushuka badala ya kubanwa darini.

Karabai, dagaa na kapi

Hiki ndicho kiungo kinachoifanya timu iwe timu. Kwenye maji kuna wavu, yaani Area2D (eneo linalotambua kilichoingia). Juma akiwa ndani ya eneo hilo na karabai imewaka kwa sekunde 3 mfululizo, dagaa wanajaa, wavu unazama, na kwa kamba ya kapi jukwaa la upande wa pili linapanda. Fizikia ya kweli ingekataa, maana samaki majini hana uzito wa kuzungumzia. Mchezaji hatauliza.

Karabai ikizimwa au Juma akitoka, dagaa wanatawanyika na jukwaa linashuka. Kwa hiyo kumtumia Juma ni kumfunga mahali, na mchezaji amebaki na wawili. Hali ya taa iandikwe kwa Juma mwenyewe, isitegemee `anaongozwa`, la sivyo ukibadili tu inazimika na kifaa chote hakina maana. Na ni kwa ajili hii msimbo wa juu unapunguza kasi ya wima hadi sifuri mhusika akiwa majini: Juma aliyeachwa lazima aelee palepale. Akizama taratibu, baada ya sekunde chache atatoka kwenye eneo la wavu na jukwaa litaanguka bila mchezaji kuelewa kwa nini. Kupanda na kushuka majini kwa vitufe vya juu na chini kuandike kwenye skripti ya Juma pekee.

Jukwaa la kapi liwe AnimatableBody2D, lisogezwe ndani ya _physics_process kwa `position.y = move_toward(position.y, lengo_y, 40.0 * delta)`. Pikseli 80 zinachukua sekunde 2. Tween, kisogezaji cha Godot kinachojiendesha, inavutia lakini Juma akiwasha na kuzima harakaharaka, tween mbili zitagombania jukwaa moja. Pia fungua mipangilio ya kila mhusika, tafuta Platform On Leave na uweke Do Nothing. Ikibaki ilivyokuja, anayeruka kutoka jukwaa linalopanda anaongezewa kasi ya jukwaa, na ile hesabu yako ya mruko imekwenda na maji.

Kwa mwonekano, CanvasModulate ya bluu iliyokolea (0.25, 0.27, 0.4 inatosha, nyeusi tii inaudhi) na PointLight2D kwenye karabai. PointLight2D bila picha ya texture haionyeshi chochote, wala haitoi onyo kubwa. Tumia GradientTexture2D yenye fill ya Radial.

Baadaye, ukitaka kulikoroga fumbo bila kuongeza mhusika wa nne, lete mbalamwezi. Wavuvi wa ziwani hupumzika mwezi ukiwa mkubwa kwa sababu mwanga wake unaishinda taa. Kwenye vyumba vya mbalamwezi, karabai ivute tu wingu linapopita juu ya mwezi, tuseme sekunde 5 kati ya 12. Kanuni ileile, sasa ina saa.

Kreti

Liwe CharacterBody2D lenye mvutano wake, si RigidBody2D, mwili unaoendeshwa na fizikia ya Godot. RigidBody inazunguka, inadunda na kukwama kwenye viungo vya vigae. Baada ya move_and_slide, Bahati apitie migongano yake kwa get_slide_collision. Akikuta kitu cha kundi la “kreti” na mgongano ni wa ubavuni, akisukume kwa pikseli 35 kwa sekunde. Umbo la mgongano liwe na upana wa 14, si 16, ili lidumbukie kwenye shimo la kigae kimoja bila kunasa. Kimo kibaki 16.

Kreti likifika kona halirudi, kwani Bahati anasukuma tu. Usiliweke kamwe pasipo na kipingamizi mahali ambapo likisukumwa upande usiofaa linaharibu chumba.

Chumba kimoja, mwanzo hadi mwisho

Chora kwenye daftari la visanduku, kisanduku kimoja kigae kimoja, na anza mlangoni ukirudi nyuma. Jiulize: nani anafika mwisho kwa shida zaidi, na nini kinamfungulia? Huu hapa mfano uliokamilika, uite Gati.

Wote watatu wanaanza kushoto, juu ya gati. Mbele yao ukuta wa vigae 5, mlango uko ng'ambo. Kushoto kabisa kuna maji yenye wavu, na chini ya maji handaki lenye geti lililofungwa. Jukwaa la kapi liko mguuni mwa ukuta, limefungwa kwa komeo. Juu ya ukuta kuna vitu viwili: tundu la kigae 1 lenye wenzo ndani yake, na korido ya kimo cha vigae 2 inayoelekea mlangoni, imezibwa na kreti. Mbele ya kreti kuna kishimo cha kigae 1 chenye kibao cha kukanyaga.

Suluhisho: Bahati asimame chini ya ukuta. Zuwena aruke juu ya ngata, kisha juu ya ukuta. Kutoka ngata anafika 22 + 67, yaani 89, na ukuta ni 80. Aingie tunduni, avute wenzo, komeo la kapi lifunguke. Apite juu ya kreti hadi mlangoni. Bahati apande jukwaa la kapi. Juma aingie majini, awashe karabai, asubiri. Bahati apandishwe, asukume kreti, lidumbukie juu ya kibao, geti la handaki lifunguke, na yeye avuke juu ya kreti lililojaza kishimo. Juma azime taa, apite handakini, atokee ng'ambo. Zamu zimebadilika mara 5.

Sasa kikague kwa ubaya. Zuwena peke yake hawezi ukuta: 67 dhidi ya 80. Juma juu ya ngata anafika 22 + 36, hawezi. Bahati anaweza kurukia ng'ambo kabla ya kusukuma kreti na kumfungia Juma? Hapana: kreti 16 na mwili wake 22 ni 38, korido ni 32. Zuwena anapita kwa kuwa 16 na 14 ni 30. Juma akizima taa mapema? Bahati anashuka tu, hakuna hasara. Ukaguzi huu ufanye kwa kila chumba, kwa namba, kabla ya kufungua kompyuta. Unachukua dakika kumi na kuokoa jioni nzima.

Mlango uhesabu wahusika kwa get_overlapping_bodies ukichuja kundi la “timu”. Ukihesabu kila kinachoingia, kreti litahesabiwa kuwa mtu.

Mhusika mmoja akifa, anza chumba upya papo hapo. Ndani ya body_entered (ishara ya mhusika kugusa kinachoua) tumia `get_tree().call_deferred("reload_current_scene")`, kwani kuita moja kwa moja katikati ya hesabu za fizikia kunaleta makosa. Ndiyo maana vyumba viwe vifupi: hatua ndefu ambayo kifo kimoja kinafuta dakika kumi na tano ilikubalika mwaka 1993.

Kuhusu mpangilio, vyumba vitatu vya kwanza vimpe mchezaji mhusika mmoja mmoja. Kisha jozi zote tatu: Zuwena na Bahati, Bahati na Juma, Juma na Zuwena. Watatu pamoja waje chumba cha saba. Wengi huruka jozi ya tatu kwa kuona haina kazi. Hiyo ni dalili kwamba vipaji vya hao wawili havigusani na vinahitaji kurekebishwa.

Kamera na ishara

Kamera iwe moja, si tatu. Ikae chini ya nodi ya zamu na kumfuata anayeongozwa ndani ya _physics_process: `global_position = global_position.lerp(lengo, 1.0 - exp(-10.0 * delta))`. Position Smoothing ya Godot izime, visipigane. Mwendo wa kamera kutoka mtu hadi mtu una kazi ya pili: unamwonyesha mchezaji njia iliyo kati yao, kwa hiyo usiufute kwa kuruka papo hapo.

Anayeongozwa awe na kishale kichwani, wengine wapunguzwe mng'ao hadi 0.6. Watofautishe pia kwa umbo, si rangi peke yake. Simu ya bei ndogo kwenye jua la saa saba haionyeshi tofauti ya bluu na kijani. Kila mmoja awe na sauti fupi ya kuitika, “Nipo!” au “Haya!”, isiyozidi nusu sekunde. Irekodi kwa simu chumbani kwenye nguo nyingi au chini ya blanketi.

Kujaribiwa

Mpe mtu asiyeijua gemu, kaa nyuma yake, funga mdomo. Andika mambo mawili: aliposimama zaidi ya dakika moja, na alipobonyeza badili bila kufanya kitu. La kwanza ni fumbo gumu au lisiloonekana. La pili ni muhimu zaidi: linaonyesha kwamba hajui nani anafaa, na mara nyingi tiba ni kusogeza kitu ili kionekane kwenye skrini ileile na mhusika wake. Maandishi ya maelekezo ni tiba ya mwisho.

Kwenda kwenye simu

Kwa Android unahitaji JDK 17 na Android SDK, zana za kutengenezea programu za Android, ambavyo njia zake unaziandika kwenye Editor Settings. Vitufe viwe TouchScreenButton, angalau pikseli 28×28 kwenye skrini yetu ya 320×180. Usiweke kitufe cha badili; weka nyuso tatu za wahusika juu kulia na mchezaji aguse anayemtaka. Kidole gumba cha kushoto kisogeze, cha kulia kiruke. Kiwashio cha karabai kionekane tu zamu ikiwa ya Juma.

Faili la APK unaweza kulituma kwa Bluetooth au flashi bila duka lolote. Lakini tengeneza keystore (faili la ufunguo wa kusaini gemu) yako mwenyewe mapema na uihifadhi sehemu mbili. Ukitoa toleo la pili likiwa limesainiwa kwa keystore nyingine, simu italikataa hadi mchezaji afute la zamani, na akifuta, vyumba vyote alivyokwisha kuvipita vilivyohifadhiwa kwenye `user://` vinafutika nalo.